Ujirani wa Maji

Majirani ni wa namna mbili: wako majirani wa ardhi, na wako majirani wa maji. Majirani wa ardhi huweza kutengwa kwa ugo, kwa ukuta au kwa jiwe la mpaka, na wakiisha kutengwa kila mmoja hulima lake, huvuna lake, na hata hununa juu ya lake, pasipo mwenziwe kupata hasara kubwa. Majirani wa maji hawatengeki. Tendo la mtu akaaye upande wa juu wa mto husafiri usiku na mchana mpaka kwa mtu akaaye upande wa chini, likamkuta shambani, zizini au kitandani. Likiwa jema huwasili kama riziki. Likiwa baya, au la ghafula tu, huwasili kama gharika. Watu hawa wawili yamkini hawajaonana maishani, hawasemi lugha moja, wala hawatii serikali moja. Je, aliye juu ana deni gani kwa aliye chini? Na kama deni lipo, ni deni la hisani, ambalo mtu hulipa apendapo, au ni deni la haki, ambalo mtu asipolipa huwa amedhulumu?

Swali hili ni la kale na la kila nchi yenye mto. Katika Afrika ya Mashariki lina mahali pake maalumu, napo ni Jinja, katika Uganda, ambapo maji ya Ziwa Victoria huliaga ziwa na kuwa mto Naili.

Ziwa hili lina eneo la karibu kilomita za mraba 69,000. Karibu nusu yake imo Tanzania, kiasi cha sita katika mia kimo Kenya, na sehemu iliyobaki imo Uganda. Mto Kagera huliletea maji ya Rwanda na Burundi. Mito iingiayo ni mingi. Utokao ni mmoja tu. Mto huo hupita katika ziwa Kyoga na kugusa ziwa Albert, hushuka Sudani Kusini, huungana na Naili ya Buluu mjini Khartoum, na humaliza safari yake katika bahari ya Mediterania nchini Misri. Kwa hiyo ziwa ni mfano wa nyumba yenye wapangaji wengi na mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo uko mkononi mwa mpangaji mmoja.

Zamani ufunguo huo haukuwa mkononi mwa mtu ye yote. Kizingiti cha mwamba katika maporomoko ya Ripon ndicho kilichopima maji. Ziwa lilipojaa kiliruhusu mengi, lilipopungua kiliruhusu machache. Mwamba hauna rafiki wala adui. Bwawa la Maporomoko ya Owen, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954 kwa ajili ya umeme, kazi ya mwamba ilichukuliwa na milango ya chuma. Hatari ya badiliko hili ilitambuliwa mapema. Katika mapatano ya Uingereza na Misri ilikubaliwa kwamba mhandisi wa Misri akae Jinja kuangalia kiasi cha maji yatokayo. Na kanuni iliwekwa kwamba milango itoe maji kwa kadiri ile ile ambayo mwamba ungalitoa kwa kila kimo cha ziwa. Kanuni hiyo ilichorwa katika mstari mmoja uliopinda, ukajulikana kuwa mstari wa mapatano.

Palikuwa na adili katika mstari huo, ijapokuwa waliouchora walikuwa watu wa hesabu. Chuma kiliagizwa kutii jiwe. Mtu aliyepata uwezo mpya alitakiwa autumie kana kwamba hakuupata, mpaka hapo atakapopatana na wale ambao uwezo huo unawagusa. Laiti kila uwezo mpya ulimwenguni ungaliwekewa sharti kama hili, malalamiko ya wanyonge yangalikuwa machache.

Kanuni ilijaribiwa kabla haijazeeka. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961 na za miaka iliyofuata zililipandisha ziwa kwa kiasi cha mita mbili na nusu kufikia mwaka 1964. Mashamba na makazi ya kando ya ziwa yalifunikwa, na maji yaliyotoka mlangoni yaliongezeka karibu mara mbili. Mbali sana kaskazini viko vinamasi vya Sudd, jina litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana ya kizuizi. Huko maji yalitanda hata eneo la vinamasi likazidi mara mbili ya lile la kwanza. Wafugaji wa Kidinka, Kinuer na Kishiluk walipotewa na malisho, mifugo na makazi.

Hapa pana fundisho lisilopendeza. Kanuni ilishikwa, na bado gharika ilifika. Hakuna aliyekosa, na bado wako waliopotewa. Wengi hudhani kwamba pasipo hatia hapana wajibu. Kwamba mlinzi wa mlango akiisha kutoa kiasi ambacho mwamba ungalitoa, amemaliza deni lake na aweza kwenda kulala. Lakini mtu akiuona moto wa mwituni, moto usiowashwa na mtu, unaelekea nyumba ya jirani yake, kisha akanyamaza, hakuna atakayemwita mchomaji, na hata hivyo hakuna atakayemwita jirani. Hatia hutokana na kutenda. Wajibu hutokana na kujua pia. Mwamba haukuwa na wajibu kwa sababu haukujua. Mtu aliyesimama mahali pa mwamba anajua, na kwa kujua kwake ameingia katika deni ambalo jiwe halikuwa nalo.

Serikali zenyewe zilikiri jambo hili kwa vitendo. Mwaka 1967 Misri, Kenya, Sudani, Tanzania na Uganda, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, zilianzisha uchunguzi wa pamoja wa mvua na maji katika maziwa ya Victoria, Kyoga na Albert. Gharika ya miaka iliyotangulia ndiyo iliyowakutanisha. Hawakuanza kwa kugawana maji, jambo ambalo lingaliwagombanisha siku ile ile. Walianza kwa kuyapima pamoja. Watu wasioweza kupatana juu ya haki waliweza kupatana juu ya kipimo, na si jambo dogo watu kuamini kipimo kimoja.

Jaribio la pili lilikuja kwa njia ya upungufu. Tangu mwaka 2000 kituo kingine cha umeme, Kiira, kilifanya kazi kando ya kile cha kwanza. Baada ya miaka michache ukame ulishika, na nchi yenye haja ya taa, viwanda na hospitali ikafungua milango kuliko mstari wa mapatano ulivyoruhusu. Kufikia mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka hata kimo kilichokuwa hakijaonekana kwa zaidi ya miaka 40. Ukame ulikuwa na sehemu yake katika kushuka huko, na milango ilikuwa na sehemu yake. Vyombo vilipata taabu kufika magatini, na wavuvi waliona maji yanaukimbia ufuko.

Haifai kuihukumu nchi hiyo kwa ukali. Haja yake ilikuwa ya kweli, na giza si fahari kwa mtu ye yote. Walakini dhuluma nyingi baina ya majirani hazitokani na uovu. Hutokana na haja ya kweli iliyotimizwa kimya kimya. Haja ikisemwa mbele ya wenzi huweza kupimwa pamoja na haja zao, ikapata sehemu yake. Isiposemwa, hata iwe ya haki namna gani, huonekana kama wizi siku itakapojulikana. Na maji yana tabia ya kutoa siri, kwa kuwa alama yake hubaki ukingoni.

Mbona basi jambo hili, kusema kabla ya kutenda, huwa gumu? Ugumu hutoka katika madai mawili makongwe. Dai la kwanza ni la aliye juu: maji ni mali yake maadamu yamo katika nchi yake. Mwaka 1895 Judson Harmon, mwanasheria mkuu wa serikali ya Marekani, alilitoa dai hilo katika shauri la mto Rio Grande, watu wa Meksiko walipolalamika kwamba maji yanamalizwa kabla ya kuwafikia. Lakini Marekani yenyewe haikuweza kuishi na jirani yake kwa dai hilo. Mwaka 1906 ilifanya mkataba wa kuipa Meksiko sehemu ya maji kila mwaka.

Dai la pili ni la aliye chini: maji ni mali yake maadamu ameyatumia tangu kale. Dai hili liliandikwa katika barua zilizobadilishwa na Uingereza na Misri mwaka 1929, ambazo zilikataza kazi yo yote ya kudhuru maslahi ya Misri isifanywe juu ya Naili, vijito vyake au maziwa yake, katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza, bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1959 Misri na Sudani zilipatana kugawana maji ya Naili: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudani. Ethiopia, ambayo milima yake hutoa sehemu kubwa kabisa ya maji yafikayo Aswan, haikuitwa katika mgawo huo. Wala nchi za maziwa hazikuitwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba Tanganyika, ilipokwisha kupata uhuru, iliziarifu Uingereza, Misri na Sudani mwaka 1962 kuwa haifungwi na barua za 1929. Ilifuata msimamo aliokuwa ameueleza Julius Nyerere, kwamba mikataba ya mkoloni haimrithishi mtu huru minyororo.

Madai haya mawili hupigana kama maadui, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili huuliza maji ni ya nani, kana kwamba maji ni ng'ombe awezaye kufungwa kamba. Wachaga wa mlima Kilimanjaro, waliochimba mifereji yao iitwayo mifongo vizazi vingi kabla ya serikali za kisasa, waliuliza jambo jingine: ni zamu ya nani, na nani aliyetoka kusafisha mfereji? Wa juu alikuwa na zamu yake na wa chini zamu yake. Aliyetegea kazi ya mfereji alitozwa faini. Haki ya maji ilitokana na kushiriki taabu ya maji, siyo na bahati ya kuzaliwa karibu na chemchemi.

Mfereji, hata hivyo, una rahisi yake. Wanaoutumia hukutana sokoni na msibani. Aibu peke yake ni askari wa kutosha. Mto mkubwa huwaunganisha wageni. Mkulima wa Bukoba, mvuvi wa Kisumu na mfugaji wa Sudd hawatakutana msibani kamwe. Kitu gani basi kitashika mahali pa kujuana? Hakipo kingine ila habari: habari ya kweli, itolewayo mapema, na bila kuombwa.

Miaka ya karibuni imelionyesha jambo hili kwa ukali. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 2019 zililipandisha ziwa tena. Mwaka 2020 lilikikaribia kilele cha 1964, na mwaka 2024 lilikipita. Milango ya Jinja ilipobanwa, maji yalikuwa yakiingia katika nyumba za watu wa ufuko wa Kenya, Uganda na Tanzania. Ilipofunguliwa zaidi, maji yalishuka kuelekea Sudani Kusini, ambako mvua za huko huko na mito mingine ilikwisha kuwatesa watu. Mji wa Bentiu ulizungukwa na maji mwaka 2021, na katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 100,000 waliishi huko nyuma ya matuta ya udongo. Mlinzi wa mlango aliulizwa swali ambalo mwamba haukuulizwa: nyumba ya nani iingiwe na maji?

Hakuna mizani ya adili iwezayo kulijibu swali hili kwa furaha. Kila jibu lina mtu wa kulia. Lakini kati ya Jinja na vinamasi kuna safari ya miezi kadhaa, kwa kuwa maziwa na mbuga za njiani huyachelewesha maji. Miezi hiyo ni mali. Katika muda huo mfugaji aweza kuhamisha ng'ombe, mkulima aweza kuvuna kabla ya wakati, tuta laweza kuinuliwa, na mgonjwa aweza kuchukuliwa mahali pa juu. Mtu asiyeambiwa ameibiwa miezi hiyo, na mwizi wake hakuingia nyumbani mwake. Alikaa kimya tu. Kwa hiyo haki ya kwanza ya jirani wa maji si kupewa kiasi fulani cha maji. Ni kujua mapema kile ambacho aliye juu amekwisha kujua.

Itasemwa kwamba vipimo vya mto ni siri ya nchi. Kwamba ajuaye kiasi cha maji amejua kiasi cha umeme na cha mavuno, na pengine kiasi cha unyonge. Pingamizi hili si la kipuuzi. Nchi ambayo kwa miaka mingi ilinyimwa sauti katika shauri la mto wake huona haya kuanza kutoa hesabu kwa wale wale waliomsahau. Lakini na itazamwe Naili ya Buluu. Bwawa kubwa la Ethiopia, lililoanza kujengwa mwaka 2011 na kuzinduliwa Septemba 2025, liko karibu sana na mpaka wa Sudani, na baada ya kiasi cha kilomita 100 tu kuna bwawa la Roseires. Walinzi wa Roseires hawana miezi ya kujitayarisha. Mwaka 2020 mto ulipanda Khartoum kuliko ulivyopata kupimwa, na gharika za namna hiyo ndizo ambazo bwawa la juu laweza kuzipunguza, likiendeshwa kwa shauri moja na la chini. Likiendeshwa kwa kimya, laweza kuzileta siku isiyotazamiwa. Ukuta ule ule waweza kuwa ngao ya jirani au tishio lake; tofauti hailetwi na saruji, huletwa na habari. Na siri imlindayo mwenye siri kwa kumzamisha asiyeijua haistahili kuitwa usalama. Ndiyo maana mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya mito ya kimataifa, uliopitishwa mwaka 1997 na kuanza kutumika mwaka 2014, uliweka katika wajibu za nchi kupeana vipimo mara kwa mara, na kuarifu bila kukawia inapotokea hatari.

Walakini habari peke yake haitoshi. Mwaka 2024 onyo la gharika lilitolewa Sudani Kusini kabla ya maji kufika, na hata hivyo zaidi ya watu milioni moja waliguswa na gharika hiyo. Kumwambia mtu asiye na mtumbwi, asiye na barabara na asiye na mahali pa juu kwamba maji yanakuja ni kumpa huzuni kabla ya wakati wake. Hapo deni la kwanza huzaa deni la pili. Kama ufuko umepata nafuu kwa sababu bonde limebeba maji, nafuu hiyo ina bei, na si haki bei yote ilipwe na bonde. Kuinua tuta la Bentiu ni sehemu ya gharama za kuendesha mlango wa Jinja, kama ilivyo mafuta ya mitambo na mishahara ya mafundi. Atakayeiita sadaka amekosea hesabu.

Aliye chini naye ana deni lake. Hana budi kupima maji yake na kutoa vipimo vyake kwa ukweli ule ule anaoudai. Hana budi kukubali kwamba aliye juu pia ana watoto wanaohitaji taa na chakula, na kwamba ukale wa kutumia si hati ya kumiliki. Zaidi ya yote, hana budi kukaa barazani. Mwaka 1999 nchi za Naili zilianzisha shirika la ushirikiano mjini Dar es Salaam, na makao yake yakawa Entebbe. Nchi za Afrika ya Mashariki nazo ziliweka Kisumu tume ya bonde la Ziwa Victoria. Mkataba wa Naili uliofunguliwa kutiwa sahihi mwaka 2010 ulianza kutumika Oktoba 2024, bila Misri wala Sudani kuwamo. Waliobaki nje wana hofu zao, nazo zastahili kusikilizwa. Lakini hofu husikilizwa vizuri zaidi ikisemwa ndani. Mkataba wa mto usio na watu wa chini ni ngazi iliyokatwa nusu, kama ulivyokuwa mgawo wa 1959 usio na watu wa juu.

Wanadamu huweza kugeuza mipaka, bendera na majina ya nchi. Hawawezi kugeuza mwinamo wa ardhi. Aliye juu hakuchagua kuwa juu, na aliye chini hakukosa lo lote hata akawekwa chini; kwa hiyo juu si heshima na chini si adhabu. Ni mahali tu, na kila mahali pana kazi yake. Mtu asomaye kipimo cha maji asubuhi mjini Jinja hajui jina la mfugaji aliye kwenye vinamasi, na haimlazimu kumpenda. Inamlazimu kusoma kwa kweli, na kuhakikisha kwamba alichokisoma kinafika kabla ya maji.